SAA ZA KUSIMAMA NI GHALI KULIKO KIPURI

Na Mwandishi Wetu, Mkuyuni, Mwanza

Mwulize mwenye kiwanda yeyote hapa Mwanza mashine iliyoharibika mwezi uliopita ilimgharimu kiasi gani. Atakutajia bei ya beringi, posho ya fundi na nauli ya mtu aliyetumwa Dar es Salaam. Kwa mujibu wa vocha zilizoko ofisini hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo ni ndogo mno kuliko gharama halisi, maana saa ambazo kiwanda kilikaa bila kuzalisha hazina vocha. Hakuna aliyemwuzia saa hizo, hivyo hakuna risiti, na mhasibu haandiki kisicho na risiti.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei za pamba, samaki na nafaka. Wiki hii tunaingia ndani ya ukuta wa kiwanda, kwa sababu bei nzuri ya soko haimfaidii mtu ambaye mtambo wake umelala.

Barafu ikikosekana

Upande wa kusini mwa jiji, kuanzia Igogo kuja Mkuyuni, reli, bandari ya Mwanza Kusini, maghala na viwanda vya samaki vimekaa jirani jirani. Kandokando ya Barabara ya Kenyatta kuna mafundi wa kuchomelea na kukereza vyuma ambao huishi kwa sehemu kubwa kutokana na hitilafu za wengine. Ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hili.

Tuchukue mtambo wa barafu wa kiwanda cha minofu ya sangara. Boti za kukusanya samaki hupakia barafu Mwanza, kisha huenda visiwani na kwenye mialo ya mbali kununua samaki kwa wavuvi. Bila barafu boti haiondoki. Boti isipoondoka leo, kesho hakuna samaki mlangoni, na wachunaji wa minofu wanakaa kwenye mabenchi. Ikiwa boti iliondoka jana na barafu ya kurudishia haikutosha, samaki wanafika wakiwa wamelegea. Katika joto la ukanda huu samaki asiye na barafu huanza kuharibika ndani ya saa chache tu. Minofu iliyokuwa iende Ulaya inauzwa soko la ndani kwa bei nyingine kabisa.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Beringi ya kompresa inakatika, na stoo haina nyingine. Kipuri kinanunuliwa Dar es Salaam kwa Sh 450,000. Usafiri na simu ni Sh 150,000, na malipo ya ziada ya mafundi Sh 200,000. Jumla inayoandikwa kwenye fungu la matengenezo ni Sh 800,000. Mkurugenzi anatia saini, anasema si mbaya.

Lakini mtambo umesimama saa 30. Tani 15 za barafu hazikutengenezwa, zikanunuliwa kwa jirani kwa nyongeza ya Sh 80,000 kwa tani: Sh 1,200,000. Wafanyakazi 40 wamelipwa siku moja bila kazi kwa Sh 15,000 kila mmoja: Sh 600,000. Tani 3 za samaki zimeshuka daraja, na tofauti ya bei ni Sh 5,000 kwa kilo: Sh 15,000,000. Hapo hatujagusa mnunuzi wa nje aliyesubiri mzigo na akaanza kuulizia kiwanda cha Kisumu au Entebbe.

Kwa hiyo hasara isiyo na vocha ni Sh 16,800,000, na ukijumlisha matengenezo ni Sh 17,600,000. Ni mara 22 ya kile kilichoandikwa. Kila saa ya kusimama iligharimu Sh 560,000, yaani zaidi ya bei ya beringi yenyewe. Mwenye kiwanda akiijua namba hiyo moja tu, ya gharama ya saa, maamuzi yake mengi yatabadilika.

Fedha iliyolala stoo

Wahasibu, na mimi nimefundishwa darasani na wahasibu, hawapendi kuona mali imekaa kwenye rafu miaka mitatu bila kutumika. Wanaiita fedha iliyolala. Hoja yao ina msingi: mkopo wa benki una riba, na kila kilichomo stoo kimenunuliwa kwa fedha ambayo ingeweza kununua samaki.

Basi tupime kwa kipimo chao wenyewe. Beringi ya Sh 450,000 ikikaa stoo, na riba ikiwa asilimia 18, inagharimu Sh 81,000 kwa mwaka. Ingekuwepo siku ile, mtambo ungesimama saa 6 badala ya 30, yaani zingeokolewa saa 24, ambazo kwa hesabu yetu ni Sh 13,440,000. Tuseme hitilafu ya namna hiyo hutokea mara moja tu katika miaka mitano. Wastani wa kinachookolewa ni Sh 2,688,000 kwa mwaka, dhidi ya riba ya Sh 81,000. Hakuna biashara ya kununua na kuuza samaki inayotoa faida ya kiasi hicho.

Hii haina maana kwamba stoo ijazwe kila kitu. Mota ya kawaida inayopatikana madukani mjini siku hiyo hiyo haina haja ya kuwekewa pacha. Mkanda unaotoshea mashine sita, wekeni. Sehemu inayoagizwa nje na kuchukua majuma manane, huku mashine yenyewe haina mbadala, hiyo ndiyo ya kukosea upande wa kuwa nayo. Mambo matatu ya kuuliza ni haya: kikikatika, kinasimamisha nini; kinapatikana baada ya muda gani; na saa moja ya kusimama ni shilingi ngapi. Bei ya kipuri inakuja baada ya hayo, wakati katika ofisi nyingi ndiyo huulizwa kwanza.

Hata hivyo stoo nayo huua vipuri. Beringi iliyofunuliwa kwenye karatasi yake ili ionekane vizuri huingia vumbi na unyevu wa ziwa. Mpira wa kuzuia mafuta hukakamaa. Mota kubwa ikikaa mwaka bila ekseli yake kuzungushwa kwa mkono, uzito hukaa sehemu moja na beringi huharibika kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Kisha kuna tatizo la vipuri bandia, ambalo Tume ya Ushindani imekuwa ikipambana nalo. Beringi bandia huwa na sanduku zuri. Bei yake ikiwa nusu ya bei ya wakala, jibu liko kwenye bei.

Mazoea tuliyorithi

Kwa nini basi viwanda vyetu vingi hungoja mpaka kitu kikatike? Si uvivu wa mafundi. Sababu moja ni historia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ilianzisha viwanda vikubwa vya nguo, Urafiki ya Dar es Salaam kwa msaada wa China, na Mwatex hapa Mwanza kwa mitambo na utaalamu wa Kifaransa. Vingine vikafuata katika miaka ya 1970. Ilipofika miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na viwanda vingi nchini vikawa vinazalisha chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Kipuri kilihitaji kibali, kibali kilihitaji dola, na dola hazikuwepo. Fundi wa wakati ule alijifunza kunyofoa kifaa kutoka mashine namba nne ili namba tatu izunguke, na kuchonga kwa chuma chakavu kitu ambacho kilipaswa kutoka Ulaya. Walikuwa mafundi hodari kweli, na baadhi ya wazee wanaofundisha vijana kukereza vyuma hapa Mkuyuni walitoka katika shule hiyo.

Serikali haikukaa kimya. Iliunda SIDO mwaka 1973, ikaanzisha TIRDO na TEMDO, na kujenga viwanda vya zana kama kile cha Mang'ula ili vipuri vitengenezwe hapa nchini. Baada ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992 na kufunguliwa kwa maduka ya kubadilishia fedha, kizuizi kikubwa kiliondoka: mwenye shilingi aliweza kununua dola na kuagiza beringi.

Lakini mazoea yalibaki. Bado tunamsifu fundi aliyekesha usiku kucha na kuwasha mtambo alfajiri, na tunampa bahasha. Yule aliyesikia mlio wa ajabu wiki mbili kabla, akaomba mashine isimamishwe saa moja, aliambiwa anachelewesha uzalishaji. Kwa mtindo huo wa kulipa, kiwanda kinanunua hitilafu.

Mfano mkubwa uko majini, hapo Mwanza Kusini. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi 1961 na kubeba sehemu kubwa ya safari za Bukoba baada ya ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996, ilisimama mwaka 2014. Mkataba wa kuikarabati ulitiwa saini Septemba 2018 kwa takriban Sh bilioni 22.7, na meli ikarudi kazini 2020. Gharama iliyoandikwa ni hiyo. Miaka sita ya nauli na mizigo ambayo haikulipwa, na ya wafanyabiashara wa ndizi na kahawa waliozunguka kwa barabara, haikuandikwa kwenye mkataba wowote.

Kukagua si kufungua

Mtu akishakubali kwamba kusimama ni ghali, hukimbilia upande wa pili: anaagiza kila mashine ifunguliwe kila mwezi. Hapo napo kuna mtego.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Conrad Waddington na wenzake, wanasayansi waliolishauri jeshi la anga la Uingereza, walichunguza ndege za doria ambazo zilikuwa zikifanyiwa ukaguzi mkubwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Waligundua kwamba hitilafu zisizotarajiwa zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta ubovu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United la Marekani wakatoa ripoti iliyoonyesha kwamba ni takriban asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza vilivyokuwa na dalili ya kuchakaa kwa umri. Vingine vyote viliharibika bila kufuata umri, na asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya au vimetoka kufungwa.

Kiwanda si ndege, na roli au kisu kinachosuguana na pamba kitwa kucha kina umri unaohesabika. Hata hivyo funzo lake fundi wa Igogo atalitambua: pampu iliyokuwa nzima hufunguliwa Jumamosi, mchanga kidogo unaingia, gasketi ya zamani inarudishwa, boliti moja inakazwa kupita kiasi, na Jumatatu inavuja.

Kwa hiyo kagua bila kufungua. Mkono, au kipimajoto cha bei nafuu, ukaribie kila beringi kila zamu na namba iandikwe. Sikiliza mlio. Tazama rangi ya oili. Soma mita ya umeme unaovutwa na mota. Ikipanda bila mzigo kuongezeka, kuna kitu kinakwama. Grisi nayo ipimwe: beringi iliyoshindiliwa grisi hupata joto kama ile iliyonyimwa, na vijana wengi hudhani kuzidisha ni usalama.

Umeme unahitaji maneno yake. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja huendelea kuunguruma huku ikivuta umeme mwingi kwenye fezi mbili zilizobaki, na baada ya dakika kadhaa inaungua. Mafundi wa kusuka mota mjini wana kazi nyingi kwa ajili hiyo. Kifaa cha kuzima mota fezi inapokatika ni cha bei ndogo ukilinganisha na kusuka mota mara moja tu. Kiwanda kinachosuka mota ile ile mara tatu kwa mwaka bila kununua kifaa hicho hakina tatizo la TANESCO peke yake.

Na ziwa. Kondensa zinazopozwa kwa maji hujenga utando na magamba ndani ya mabomba. Joto halitoki vizuri, shinikizo la amonia linapanda, kompresa inafanya kazi zaidi na bili ya umeme inapanda kimya kimya miezi kabla ya hitilafu. Gugumaji, ambalo limesumbua Ziwa Victoria tangu karibu na mwaka 1990, huziba chujio za pampu. Mwanzoni mwa 2025 gugumaji la aina mpya lilivikwamisha hata vivuko vya Kigongo na Busisi. Mwenye pampu ziwani anapaswa kuwa na chujio ya pili, ili moja ikisafishwa nyingine ifanye kazi. Amonia haihitaji maelezo marefu: ikivuja kwenye chumba chenye watu, hasara haihesabiwi kwa tani za barafu.

Daftari la kusimama

Yote haya huanzia kwenye daftari la shilingi elfu chache. Si kompyuta. Kila mashine inaposimama, hata kwa dakika tano, kiongozi wa zamu anaandika: mashine gani, ilisimama saa ngapi, ilianza tena saa ngapi, nini kilionekana, nini kilifanyika. Kisha kuna safu moja ambayo viwanda vingi huisahau, nayo ni muda ulikwenda wapi. Kumngoja fundi, kungoja kipuri, kungoja saini, au kutengeneza kwenyewe?

Safu hiyo huwashangaza wakurugenzi. Mara nyingi kazi ya spana ni saa mbili, na saa nyingine zote ni za kungoja. Mkurugenzi yuko Dar es Salaam, hundi inataka saini mbili, mwenye ufunguo wa stoo amekwenda msibani Magu. Hakuna kozi ya ufundi itakayoponya hayo. Kumruhusu msimamizi wa zamu ya usiku kutumia kiasi maalumu cha fedha bila kupiga simu kunaweza kupunguza muda wa kusimama kuliko kuajiri mhandisi mwingine.

Atakayesema wafanyakazi wetu hawana utamaduni wa kuandika, aingie kwenye chumba cha baridi cha kiwanda chochote cha samaki kinachouza nje. Ataona karatasi ukutani yenye joto la chumba lililoandikwa kila saa, usiku na mchana. Tangu Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti kati ya 1997 na 2000, kwa sababu ya vijidudu, kipindupindu na baadaye hofu ya sumu, viwanda vilijifunza kwamba mnunuzi hasadiki neno, anasadiki rekodi. Minofu iliyogandishwa inatakiwa kubaki nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuna mtu anayewajibika kuandika hivyo. Mtu huyo huyo, kwa kalamu hiyo hiyo, anaweza kuandika joto la beringi za kompresa inayoleta baridi hiyo. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kumdai.

Baada ya miezi mitatu daftari likijumlishwa, kwa kawaida mashine chache zitaonekana zimekula saa nyingi. Anzia hapo. Wajapani, kwa mfumo ulioenezwa na Seiichi Nakajima tangu miaka ya 1970, huenda mbali zaidi: mwendesha mashine mwenyewe husafisha, hukaza boliti na kutia mafuta, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa nayo saa nane na ndiye wa kwanza kusikia ikibadilika. Kwa viwanda vya hapa jambo hilo linawezekana iwapo mwendeshaji hatapewa lawama kila anapotoa taarifa ya ubovu. Akilaumiwa mara moja, atanyamaza mara kumi.

Viwanda vya samaki havina tena raha ya kupoteza saa. Sangara wamepungua, baadhi ya viwanda vya mwambao vimefungwa na vingine vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Kiwanda kinachopata samaki siku tatu kwa wiki hakiwezi kuruhusu kompresa ichague mojawapo ya siku hizo.

Vinu vya kuchambua pamba vina bahati moja ambayo viwanda vya samaki havina: miezi ya kupumzika. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei au Juni, na kinu kikianza hakitakiwi kusimama, maana pamba ya wakulima inarundikana uani, na beringi iliyochemka katikati ya nyuzi za pamba ni kiberiti. Vipuri vinavyoagizwa nje hupita bandari ya Dar es Salaam, kisha kilomita zaidi ya 1,100 za barabara. Orodha yake yapaswa kuwa mezani kwa mhasibu kabla Januari haijaisha, wakati uani hakuna pamba na benki hakuna fedha ya pamba. Ni hapo fundi mkuu anapohitaji kwenda na daftari la msimu uliopita mkononi, na gharama ya saa moja imeandikwa ukurasa wa kwanza.